Marekani ikitangaza "dola milioni 500 za silaha kwa Ukraine", nini hasa kinatoka, kinatoka wapi, na nani anaweza kukizuia?

Mdau_wa_Chumbageni ameandika:

Wakuu, salaam. Tangu 2022 kuna tangazo nalisikia mara kwa mara na kila likija nabaki na maswali yaleyale. Marekani inasema imeipa Ukraine msaada wa kijeshi wa dola milioni kadhaa. Wiki hiyohiyo tunaona makombora yanapakuliwa Poland. Safari nyingine tangazo linafanana kabisa na hilo, lakini mwaka unakatika silaha haijaonekana.

Je, hizo dola zinatumwa Kyiv? Kwa nini shehena moja ifike kwa siku chache na nyingine ichukue hata miaka miwili? Machi 2025 rais wao alisimamisha kila kitu ghafla ilhali Bunge lilishapitisha sheria, hilo linawezekanaje? Na huu mpango mpya ambao Ulaya inalipia silaha za Marekani unakwendaje?

Nani ana haki kwenye vita hii, nyuzi za mjadala huo zimejaa humu. Hapa naomba tuelezane utaratibu wenyewe.

---

Karani_wa_Bohari amejibu:

Mkuu, tangazo la namna hiyo usilisome kwa kuanza na kiasi cha fedha. Tafuta herufi zinazotaja fungu: PDA, USAI au FMF. Ukishazipata, nusu ya maswali yako yamejibika.

PDA ni mamlaka ya rais ya kuchota ghalani. Yamo kwenye kifungu cha 506 cha Sheria ya Misaada ya Nje ya 1961. Rais anaruhusiwa kutoa silaha ambazo jeshi lake tayari linazo na kumpa mshirika aliye kwenye dharura. Hakuna fedha inayokwenda Kyiv. Dola unazosikia ni bei iliyobandikwa kwenye shehena ili ionekane kama ukomo wa sheria umevukwa au la. Ukomo wa kawaida ni dola milioni 100 kwa mwaka wa fedha, ambao kwao huanza 1 Oktoba. Kwa ajili ya Ukraine, Kongresi, yaani Bunge lao, iliupandisha hadi bilioni 11 mwaka wa fedha 2022, ukafika bilioni 14.5 mwaka uliofuata, na sheria iliyosainiwa 24 Aprili 2024 ikaweka bilioni 7.8.

Mzigo wenyewe husafiri hivi. Ukraine inaleta orodha ya mahitaji, na maofisa waliokuwa wakiratibu kutoka Wiesbaden, Ujerumani, wanaichambua. Makao makuu ya jeshi yanaangalia ghala: tukitoa hiki, vikosi vyetu vitabaki na nini? Kila tawi la jeshi lina kiwango ambacho halitaki kushuka chini yake, na mabishano makali hutokea hapo. Rais akishaidhinisha, Kongresi inaarifiwa, na amri ya kutoa mzigo inashuka hadi kwenye bohari. Vitu vya haraka hupakiwa kwenye ndege kituo cha Dover, Delaware, na kutua Rzeszów, kusini-mashariki mwa Poland. Makombora ya mizinga kwa wingi hupita baharini, maana ni mazito mno kwa ndege. Kutoka Poland ni barabara na reli.

Shehena inaweza kumaliza safari hiyo kwa siku chache ikiwa mzigo ulishasogezwa Ulaya mapema, kama ilivyofanyika Aprili 2024 wakati sheria ikisubiri saini. Inachukua miezi pale chombo kinapohitaji matengenezo kwanza, hasa magari ya deraya yaliyolala uani miaka mingi: mipira imekauka, betri zimekufa, na redio za siri lazima zing'olewe kabla ya kukabidhi.

USAI ni kitu kingine kabisa. Fungu hili lipo tangu bajeti ya ulinzi ya mwaka 2016 na kazi yake ni kuingia mkataba na kiwanda. Silaha haipo, inakwenda kutengenezwa. Ukisikia USAI, hesabu miezi na mara nyingine miaka. Mifumo miwili ya kwanza ya ulinzi wa anga ya NASAMS ilitangazwa Julai 2022 ikafika Novemba, na huo ulikuwa mwendo wa kasi. Mabomu ya GLSDB yanayorushwa kutoka ardhini yalitangazwa Februari 2023 na kufika mwanzoni mwa 2024. Yalipofika, Urusi ilikuwa imeshajaza uwanja wa vita mitambo ya kuvuruga mawimbi ya GPS, na bomu linalotegemea mawimbi hayo likawa linapotea njia. Hasara ya kuchelewa ni hiyo: silaha inatengenezwa kwa ajili ya vita vya mwaka jana.

FMF ni ruzuku au mkopo unaopitia Wizara ya Mambo ya Nje ili nchi inunue vifaa vya Marekani. Kwa Ukraine ni sehemu ndogo ukilinganisha na hizo mbili, sitakaa hapo.

Sasa kuna fungu la nne ambalo vyombo vya habari hulisahau, nalo ndilo lililoumiza kuliko yote: fedha za kujaza upya ghala. Mwishoni mwa 2023 Pentagon, yaani Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ilikuwa bado na ruhusa ya kutoa silaha za zaidi ya dola bilioni 4. Ruhusa ilikuwepo, silaha zilikuwepo. Lakini fedha za kununua mbadala zilikuwa zimeisha, na hakuna jenerali anayekubali kumwaga ghala bila kujua litajazwa na nini. Baada ya shehena ya 27 Desemba 2023 bomba likakatika. Kilichotoka hadi Aprili ni shehena moja ya dola milioni 300, tarehe 12 Machi, na hiyo ilipatikana kwa sababu mikataba kadhaa ilitoka kwa bei nafuu kuliko ilivyotarajiwa. Katikati ya ukame huo, Februari 2024, Ukraine iliupoteza mji wa Avdiivka huku mizinga yake ikihesabu kombora moja moja.

---

Hesabu_Kali amejibu:

Karani amegusa bei iliyobandikwa kwenye shehena. Niongeze hapo, maana watu hulinganisha takwimu bila kujua zimepatikanaje.

Sheria inataka silaha inayotoka ghalani ithaminiwe kwa bei ya vitabuni, yaani ilivyonunuliwa, kutoa uchakavu. Kombora lililonunuliwa miaka ya 1990 na kukaa ghalani zaidi ya miaka 20 lina thamani ndogo kwenye vitabu. Lakini kununua jipya leo ni bei mara kadhaa. Baadhi ya matawi ya jeshi yalikuwa yakiandika bei ya mpya. Juni 2023 Pentagon ikatangaza kwamba hesabu zilizidishwa kwa dola bilioni 6.2: bilioni 2.6 za mwaka wa fedha 2022 na bilioni 3.6 za mwaka 2023. Julai 2024 wakaibua nyingine bilioni 2.

Maana yake kivitendo? Ukomo wa PDA ulirudishiwa nafasi ya bilioni hizo bila kura yoyote ya Kongresi. Silaha zilizokwishakwenda hazikubadilika hata risasi moja. Kwa hiyo anayesema "Marekani ilitoa bilioni kadhaa mwaka fulani" hajasema kitu mpaka aeleze ametumia bei gani. Ukitaka kujua msaada ulikuwa na uzito gani, hesabu mizinga, makombora na magari. Vifaru vya Abrams vilikuwa 31. Mitambo ya kwanza ya kurushia roketi ya HIMARS, Juni 2022, ilikuwa minne. Hizo namba hazina uchakavu.

---

Baruti155 amejibu:

Naomba nizame kwenye kombora la milimita 155, kwa sababu watu wanadhani tatizo la msaada ni siasa tu. Hata siasa ingenyooka, chuma na baruti vina mwendo wake.

Kombora aina ya M795 lina uzito wa karibu kilo 47, na ndani yake kuna karibu kilo 10.8 za baruti kali ya TNT. Halifyatuliwi peke yake. Linahitaji fyuzi puani (kifaa cha kulilipua), chaji za kulisukuma zinazokaa nyuma yake, na kiwashio. Vitu vinne hivyo vinatoka viwanda tofauti, na kimoja kikikosekana hivyo vingine vitatu ni mzigo wa ghalani tu. Ukisoma kwamba nchi fulani imetoa makombora laki moja, uliza kama yana chaji na fyuzi zake.

Ganda lenyewe hutengenezwa Scranton, Pennsylvania. Nondo nene ya chuma inakatwa vipande, inapashwa moto kufikia karibu nyuzi 1,100, inatobolewa na kuvutwa kwa mashinikizo, halafu inachongwa hadi vipimo kamili. Kisha maganda yanapelekwa Iowa kujazwa. TNT humiminwa ikiwa ya moto, na lazima ipoe polepole kwa kudhibitiwa. Ikipoa ovyo inaacha nyufa au mapovu ya hewa ndani, na kombora lenye pengo linaweza kulipukia ndani ya mtutu na kuua wapigaji. Ndiyo maana kila moja hupigwa picha ya eksirei, na ndiyo maana huwezi kuongeza kasi kwa kuamrisha tu watu wafanye kazi usiku.

Kabla ya vita, Marekani ilizalisha karibu makombora 14,000 kwa mwezi. Kuna vipindi ambavyo Ukraine ilikuwa ikifyatua idadi hiyo kwa siku mbili au tatu. Lengo lililowekwa lilikuwa 100,000 kwa mwezi kufikia mwisho wa 2025, na mwaka huo ulipofika walikuwa kwenye 40,000 hivi. Kiwanda kipya cha maganda kilifunguliwa Mesquite, Texas, Mei 2024, lakini ganda halikuwa kikwazo pekee. Marekani ilikuwa haijazalisha TNT yake tangu miaka ya 1980. Ilikuwa ikinunua nje, na muuzaji mkubwa upande wa NATO ni kiwanda kimoja cha Bydgoszcz, Poland, ambacho kila nchi ya Ulaya nayo inakigombea. Mkataba wa kujenga kiwanda cha TNT huko Kentucky ulitolewa Novemba 2024, na kiwanda cha baruti hakijengwi kwa mwaka mmoja. Chaji za kusukuma nazo zinahitaji nitroselulosi, inayotokana na nyuzi fupi za pamba, na sehemu kubwa ya nyuzi hizo hutoka China.

Halafu kuna mtutu. Mzinga wa M777 ukifyatua mfululizo kwa chaji za juu ili ufike mbali, mtutu unalika ndani na kombora linaanza kuyumba. Kwa hiyo shehena inayoonekana kubwa kwa kuwa ina mizinga mingi, lakini haina mitutu ya akiba, inakwisha nguvu ndani ya miezi. Kwangu mimi kipimo cha dhamira ya serikali inayosaidia mshirika ni vipuri. Picha ya kifaru kikikabidhiwa haigharimu kitu.

---

Kifungu_kwa_Kifungu amejibu:

Nijibu lile la Machi 2025.

PDA ni ruhusa kwa rais, siyo amri. Sheria inasema rais *anaweza* kuchota hadi kiasi fulani. Asipotaka, hakuna mahakama itakayomlazimisha. Serikali ya Biden ilipoondoka Januari 2025 iliacha ruhusa ya karibu dola bilioni 3.85 ambayo haijatumika. Kuizima hiyo ni rahisi: mrithi haandiki tangazo jipya, basi.

USAI ina ulinzi zaidi kwa sababu ni fedha zilizotengwa na Kongresi kwa kazi maalumu. Rais akizikalia, anagusa sheria ya 1974 inayozuia kukwamisha fedha zilizoidhinishwa. Mwaka 2019 fedha za Ukraine zilizuiwa Ikulu, na 16 Januari 2020 ofisi ya ukaguzi ya Kongresi, GAO, iliamua kwamba kuzuia dola milioni 214 za fungu hilo kulivunja sheria. Lakini hata USAI ina mlango wa nyuma. Juni 2025 fyuzi maalumu za roketi za kuangushia droni, zilizonunuliwa kwa fungu hilo, zilielekezwa kwa majeshi ya Marekani Mashariki ya Kati kwa hoja ya dharura.

Tarehe zenyewe: msaada ulisimamishwa 3 Machi 2025, taarifa za kijasusi zikakatwa 5 Machi, na vyote vikarejeshwa 11 Machi baada ya mazungumzo ya Jeddah. Wengi walitazama silaha. Mimi naona kukatwa kwa taarifa kulikuwa kuzito zaidi kwa siku hizo chache. Shehena ikisimama, makombora yaliyo mkononi yanaendelea kutumika. Taarifa zikikatwa, mtambo wa HIMARS unabaki na roketi zake sita lakini haujui ghala la adui limehamia wapi, na onyo la kombora linalokuja linachelewa kwa dakika ambazo watu wangezitumia kukimbilia handaki. Hakuna kura ya Kongresi inayohitajika kuzima hilo.

---

Mdau_wa_Chumbageni ameandika:

Asanteni sana. Kumbe ukomo, fedha za kujaza ghala na uwezo wa kiwanda ni vitu vitatu tofauti, na kimoja kikikosa vyote vinakwama. Je, ni kweli kwamba silaha za mabilioni zilipotea huko? Na Ulaya nao wanabanwa na nini?

---

Hesabu_Kali amejibu:

Hilo la kupotea linatokana na ripoti ya mkaguzi mkuu wa Pentagon ya Januari 2024, na limepotoshwa. Kuna silaha ambazo sheria inataka zihesabiwe moja moja kwa namba iliyochongwa kiwandani: makombora ya Javelin na Stinger, darubini za usiku na nyinginezo. Ripoti ilisema kati ya vifaa hivyo vyenye thamani ya dola bilioni 1.69, vya zaidi ya bilioni 1 vilikuwa havijahesabiwa kwa wakati. Kutohesabiwa kwa wakati siyo kuibiwa. Askari aliye kwenye handaki Donetsk hawezi kuletewa mkaguzi mwenye daftari, na kombora lililofyatuliwa halina namba ya kusomwa. Lakini udhaifu ni wa kweli na haufai kudharauliwa: orodha ikichelewa, wizi ukitokea hutaujua. Dawa waliyoijaribu ni vifaa vya kusomea alama kwa mkono, ili Waukraine wenyewe wahesabu na kutuma taarifa.

---

Kifungu_kwa_Kifungu amejibu:

Ulaya inabanwa na kibali cha nchi iliyotengeneza. Ukinunua silaha, huimiliki kwa uhuru wote. Mkataba unasema huwezi kumpa mtu wa tatu bila ruhusa ya muuzaji. Denmark na Uholanzi zilikuwa na F-16 zao, lakini zilisubiri idhini ya Marekani hadi Agosti 2023, na ndege za kwanza zikafika Ukraine karibu mwaka mmoja baadaye. Poland nayo ilikaa ikisubiri Ujerumani iamue kuhusu vifaru vya Leopard 2 hadi 25 Januari 2023.

Mfano unaofundisha zaidi ni Gepard, gari la Ujerumani la kutungulia ndege na droni. Magari yalitolewa, ila risasi zake za milimita 35 zilitengenezwa Uswisi, na Uswisi, kwa msimamo wake wa kutoegemea upande, ikaikatalia Ujerumani kupeleka risasi kama 12,400. Ujerumani ikalazimika kufungua upya njia ya uzalishaji wa risasi hizo Unterlüß, na shehena zikaanza kutoka 2023. Tangu hapo wanunuzi wengi wa Ulaya wanauliza swali hili kabla ya bei: vita ikizuka, utaniruhusu nimgawie jirani?

Waliobuni njia ya kuzunguka walikuwa Wajerumani kwa mpango wa mzunguko. Slovakia ilitoa magari 30 ya deraya ya enzi ya Kisovieti, ambayo Waukraine waliyajua tayari, ikapewa Leopard 15 na Ujerumani. Mafunzo yakapungua, vipuri vikawa vilevile. Tatizo likawa ghala la silaha za Kisovieti kuisha, na zikiisha huwezi kurudia.

---

Karani_wa_Bohari amejibu:

Nimalizie ule mpango wa 2025, PURL. Ulitangazwa Julai mwaka huo na Trump pamoja na katibu mkuu wa NATO Mark Rutte. Ukraine inataja mahitaji, kamanda mkuu wa NATO Ulaya anayahakiki, yanafungwa kwenye vifurushi vya karibu dola milioni 500, na nchi moja au kadhaa zinalipia kifurushi. Uholanzi ilikuwa ya kwanza, tarehe 4 Agosti, kwa yuro milioni 500. Siku iliyofuata Denmark, Norway na Sweden zikaungana kulipia kingine. Silaha zinatoka kwenye ghala la Marekani, ndiyo maana zinawahi kuliko za mkataba wa kiwandani.

Kulipa hakuondoi foleni, hata hivyo. Makombora ya kudungulia ya Patriot aina ya PAC-3 MSE yalikuwa yakizalishwa zaidi kidogo ya 500 mwaka 2024 kwa dunia nzima, na kombora moja la balistiki mara nyingi hufyatuliwa mawili ili kuwa na uhakika. Fanya hesabu ya usiku mmoja wa mashambulizi uone.

---

Mkenya_Mpakani ameandika:

Ndugu zangu, na sisi Kenya tulitangazwa mshirika mkuu wa Marekani asiye wa NATO mwezi Juni 2024, wa kwanza kusini mwa Sahara. Je, maana yake tukivamiwa tutafunguliwa ghala hilo?

---

Kifungu_kwa_Kifungu amejibu:

Hapana, ndugu. Hadhi hiyo ipo kifungu cha 517 cha sheria ileile ya 1961 na haina ahadi yoyote ya kulindana. Inakupa kipaumbele kwenye vifaa vya ziada, uwezekano wa kukopeshwa vifaa kwa utafiti, na nafasi ya makampuni yenu kuomba zabuni za matengenezo nje ya Marekani. Tangazo la Mei 2024 lilitaja helikopta 16, nane za Huey na nane za MD-500, pamoja na magari ya deraya ya M1117 yapatayo 150.

Kuhusu vifaa vya ziada, kumbukeni sharti lake: hutolewa kama kilivyo na pale kilipo. Chombo chenyewe ni bure au kwa bei ndogo, lakini kukisafirisha, kukifufua na kukitunza ni juu ya anayepokea, isipopatikana ruzuku ya kubeba gharama hizo. Kwa hiyo wabunge wenu wanaokaa kwenye kamati ya ulinzi waombe kuona mkataba wa vipuri na wa mafunzo ya mafundi, na unaisha lini. Helikopta isiyo na fundi aliyeidhinishwa kwa injini yake hairuki, hata iwe imepakwa rangi mpya.